Nywila ya Mkuu

Fundi aliamka miguu imevimba hata ndara zikamkataa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazitazama zile ndara kama jamaa waliomtenga, kisha akacheka peke yake. Karani, mkewe, hakucheka. Alipiga magoti akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki palepale, halina haraka ya kujaa.

"Umekunywa maji usiku?"

"Nimelamba tu."

"Umelamba kikombe kizima?"

"Mke wangu, kiu haina adabu."

Zamu yake iliyopita ya kusafishwa damu ilimpita hivihivi. Mashine mbili ziliharibika, na wagonjwa walioonekana kuwa na nafuu wakaombwa wawapishe wenzao. Fundi ni mtu wa kuona haya. Alinyanyuka mwenyewe akasema ana nafuu. Sasa figo zake, zilizokwisha kustaafu bila kiinua mgongo, zilikuwa zimemwachia maji yote mwilini, na maji yalikuwa yanampanda kifuani. Sista wa kitengo hakumficha Karani. Akikosa na zamu ya leo, alimwambia, usitegemee kumwona kwenye inayofuata.

Mama yake Fundi, mama mkwe wa Karani, akaingia na viatu vya marehemu mumewe, vikubwa, vyeusi, alivyokuwa akivihifadhi chini ya kitanda chake kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kumuuliza. Vikaingia.

"Mkwe wangu," alisema yule mama, "leo usikubali waseme mashine. Wewe ni mtu wa humo ndani."

"Humo ndani mimi ni karani tu, mama."

"Karani ana kalamu."

"Siku hizi kompyuta."

"Basi ana kompyuta. Mwenye kompyuta ashindwe kumpigania mumewe?"

Kwa upande mmoja yule mama alikuwa amesema kweli tupu. Fundi alikuwa hai kwa sababu mkewe ni mtumishi wa hospitali na bima ya mtumishi humbeba mwenzi wake. Cherehani ilimlisha Fundi miaka yote ya uzima wake, lakini cherehani haina bima, na ilipouzwa haikutosha hata kumaliza madeni ya vipimo.

*

Kitengo cha kusafisha damu kilikuwa nyuma ya jengo, kando ya chumba cha kufulia, na ukumbi wake ulinuka sabuni na mvuke. Kulikuwa na benchi refu la mbao ambapo wagonjwa walikaa wakisubiri kuitwa, na mkabala wa benchi kulikuwa na meza ya Karani. Hakuna mgonjwa aliyechomwa sindano kabla makao makuu ya bima hayajatoa kibali, na hakuna chujio la mashine lililotoka stoo bila namba ya kibali hicho.

Makao makuu hayakuongea na mtu kirahisi. Ulifungua skrini nyeusi, ukaita seva yao, nayo ikakuhoji kama askari wa getini. Jina? Nywila? Unaendelea? Ukishajibu yote, uliomba kibali cha mgonjwa mmoja, kisha seva ikakufungia mlango usoni, uanze upya kwa wa pili. Zamani Karani alikuwa akibishana na mlango huo mpaka jua linawaka, na wagonjwa wakimtolea macho kutoka kwenye benchi. Mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta katika mji mwingine, alikuja kuwasalimia siku moja, akaona adha ile, akamwandikia programu ndogo ya kujibu maswali badala yake. Wakaiita Kasuku. Kasuku alikuwa na majibu yake matatu, jina, nywila na 'ndiyo': alingoja kidogo akajibu, akangoja kidogo akajibu, akaomba kibali, akaanza tena na jina linalofuata. Karani alimwasha, akaenda kuwashika mkono wasioweza kutembea.

Jina na nywila alizozitumia Kasuku hazikuwa za Karani. Zilikuwa za Mkuu wa Kitengo, ambaye kwa kanuni ndiye pekee aliyeruhusiwa kuomba vibali. Wafanyakazi walimwita Baada ya Chai, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza ya Karani, funguo za gari zinacheza mkononi, akamtajia nywila yake herufi moja moja. "Andika hapo. Mimi sina muda wa kuongea na skrini." Na ndivyo kazi ilivyokwenda katika jengo lile: wakubwa walikuwa na ruhusa, wadogo walikuwa na vidole. Kila mtu alijua, na kila mtu aliona ni utaratibu.

Asubuhi hiyo Karani alimwasha Kasuku kama kawaida, akamchukua mumewe kwenda kumpima uzito. Kumvua vile viatu vya marehemu ilikuwa shughuli. Fundi alishikilia mzani, anahema kwa mabega, bado anatania kwamba baba yake amemng'ang'ania. Karani alipomrudisha kwenye benchi na kutupa jicho kwenye skrini, alikuta mstari wa mwisho unasema:

*Akaunti imefungwa. Mwenye akaunti awasiliane na makao makuu.*

Hakukuwa na kibali hata kimoja.

*

"Nisomee kila kitu, tangu juu," mdogo wake alisema kwenye simu. "Usiruke hata neno."

Karani alisogeza skrini juu, akasoma kwa sauti ya chini, mkono umekinga mdomo. Kulikuwa na maneno mapya ambayo hayakuwapo jana. Makao makuu yalikuwa yameweka tangazo kabla ya swali la nywila: watumiaji wote wanakumbushwa kwamba ni marufuku kumpa mtu mwingine nywila yako, ukishasoma, bonyeza kitufe kuendelea.

Mdogo wake akaguna.

"Umeelewa, dada? Kasuku alipofika pale kwenye tangazo, alidhani ameulizwa nywila. Akaitoa. Tangazo likapita. Swali la nywila lilipokuja kweli, yeye alishahamia jibu linalofuata, akasema 'ndiyo'. Seva ikamwambia umekosea. Akaenda kwa mgonjwa wa pili, akarudia kosa lile lile. Wa tatu vilevile. Seva ikaona huyu mwizi, ikafunga."

"Sikuwepo mezani," Karani alisema. "Ningekuwepo ningemzima."

"Kosa ni langu. Nilimfundisha angoje muda, sikumfundisha angoje swali. Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi siku ile. Sasa fungua faili lake. Kila palipoandikwa lala, yaani angoje muda, futa. Weka angoje mpaka alione neno lenyewe, Nywila, ndipo atoe nywila. Pale kwenye tangazo abonyeze tu. Na akiona kitu asichokijua, anyamaze, aache kabisa. Kunyamaza si aibu."

Karani aliandika anavyotajiwa, akikosea na kufuta. Alisahau alama moja ya kufunga mabano, wakaitafuta kwa pamoja mstari kwa mstari mpaka ikaonekana.

"Amepona?"

"Yeye amepona. Lakini mlango umefungwa kwa ndani, na huo si wangu wala si wako. Lazima mwenye akaunti apige simu mwenyewe." Akasita kidogo. "Shemeji yangu hajambo?"

"Yuko kwenye benchi," Karani alisema, akakata.

Benchi lilikuwa limeanza kunong'ona. Dereva wa lori, mgonjwa mwenye sauti kubwa kupita hali yake, alimwita mbele ya wote. "Karani! Kasuku wako leo kala nini, mbona haimbi?" Wawili watatu wakacheka. Mama mmoja mwenye kitambaa kichwani hakucheka. Alisema bila kumtazama mtu kwamba wenye waume zao humu ndani ndio wanaochezea kazi, wanapima waume zao uzito na kompyuta zinajiendea zenyewe. Karani aliyasikia na yakamwingia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akamvuta Sista pembeni. "Muanzishe tu Fundi. Kibali kitakuja."

"Dada, chujio liko stoo, na stoo hawatoi bila namba. Mimi nitalitoa wapi, mfukoni?" Sista alimshika bega. "Nenda kwa Baada ya Chai. Nenda sasa hivi. Yule ninavyomsikia anavyopumua, siyapendi mapafu yake."

*

Mkuu alikuwa anakunywa chai. Mezani palikuwa na sahani ya vitafunwa na gazeti limekunjwa kwenye ukurasa wa michezo. Karani alisimama, kwa kuwa hakuambiwa akae.

"Bosi, akaunti imefungwa. Lazima upige simu makao makuu waifungue."

"Baada ya chai."

"Wagonjwa wote wako kwenye benchi, bosi. Hakuna aliyeanza."

Mkuu aliweka kikombe chini. "Imefungwa na nani?"

Karani akamweleza: tangazo, Kasuku, majibu yaliyoteleza. Mkuu hakuelewa nusu ya maelezo, lakini alielewa lililomhusu. Uso wake ulibadilika.

"Unajua wataniuliza nini hawa? Watafungua kumbukumbu zao. Wiki iliyopita nilikuwa safari ya kikazi, nimesaini na posho nimepokea. Na akaunti yangu ilikuwa inaingia kila siku kutoka hapa. Niwaambie nina pacha?"

"Waambie ukweli, bosi. Kwamba ulinipa mimi."

"Nikupe?" Alisema taratibu, kana kwamba neno hilo ni la lugha ngeni. "Nani aliniona nikikupa?"

Nusu ya jengo ilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kutoa ushahidi ni kingine, na katika jengo lile hakuna ambaye angethubutu kusema kwamba Mkuu ni mwongo. Mwenye nguvu mpishe.

Mkuu alisimama akafunga mlango. Aliporudi sauti ilikuwa imelainika.

"Sikiliza, mama. Hawa wanachotaka ni maelezo ya kuandika. Wakishapata maelezo wanafungua, wanakwenda zao. Wewe sema uliichukua. Ni maneno tu. Nidhamu ya watumishi wa kitengo hiki iko kwangu, si kwao. Nitakupa onyo la mdomo, tutacheka, yatakwisha."

"Na wakitaka zaidi ya onyo?"

"Mimi si mtu wa kumtupa mtu wangu."

"Bosi, mume wangu anaishi kwa bima ya kazi hii. Nikifukuzwa, nimemwua."

"Ndiyo maana nakwambia uamue haraka," Mkuu alisema. "Maana mimi bila hayo maelezo simu sipigi. Siwezi kujichimbia kaburi."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Sista, glavu bado mkononi. "Karani, mumeo ameanza kukohoa. Inatoka povu. Nimemwekea oksijeni lakini oksijeni haitoi maji." Akamtazama Mkuu, akamtazama Karani, akaelewa kwamba kuna jambo, akabaki amesimama pale mlangoni.

Karani aliona kila kitu waziwazi, na hilo ndilo lililomuumiza. Hakudanganyika na onyo la mdomo. Alijua kwamba akikataa, Fundi hafiki jioni. Akikubali, Fundi atafika jioni, na baada ya hapo Mungu anajua. Mbele yake kulikuwa na kifo cha leo na kifo cha kesho, naye akaambiwa achague kwa hiari yake. Akapiga moyo konde.

"Piga," alisema.

Mkuu alipiga, akaweka sauti ya wazi, simu katikati ya meza kando ya vitafunwa. Sauti ya mwanamke ikajibu, nzuri, ya heshima, na kuwajulisha kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Mkuu alijieleza kwa masikitiko ya mtu aliyeibiwa. Kisha akamsukumia Karani simu.

"Ulipataje nywila ya mkuu wako?" yule mwanamke aliuliza.

"Niliichukua."

"Kwa namna gani?"

Hilo hawakulipanga. Karani alimtazama Mkuu. Mkuu akatazama kikombe chake, kisha akafanya ishara ya kuandika hewani.

"Alikuwa ameiandika kwenye karatasi. Nikaiona."

"Bila idhini yake?"

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akimhimiza.

"Bila idhini yake."

"Kwa manufaa gani binafsi?"

Karani hakulielewa swali. Likarudiwa, kwa upole uleule. Alifikiri kwa kweli, kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu sahihi. "Nilitaka wagonjwa wasikae sana kwenye benchi," alisema.

Vidole vikasikika vikigonga kibodi upande wa pili. "Naandika: hakutoa maelezo," sauti ilisema. "Akaunti imefunguliwa. Tafadhali badilisheni nywila. Asanteni kwa kushirikiana nasi."

Sista alikuwa bado mlangoni. Hakusema kitu. Alikuwa na watoto na kazi kama mtu mwingine yeyote.

Kasuku aliwashwa, na safari hii Karani hakubandua macho kwenye skrini. Kasuku alifika kwenye tangazo, akabonyeza. Akangoja. Swali likatokea, ndipo akajibu. Vibali vikaanza kushuka, kimoja baada ya kimoja, na benchi likaanza kupungua. Wa kwanza kuingia alikuwa Fundi, amebebwa na kiti cha magurudumu, viatu mapajani.

*

Jioni alikuwa mtu mwingine. Alikaa nyumbani, miguu imesinyaa, akaomba ndara zake. Mama mkwe alifurahi mpaka akamshika Karani uso kwa mikono miwili. "Sikukwambia? Mtu wa humo ndani!" Karani akasubiri atoke, kisha akamweleza mumewe yote.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Utani ulikuwa umemtoka.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa unatoa povu mdomoni. Nikuulize nini?"

"Ningekwambia kataa. Zamu moja, mke wangu. Umewauzia kazi yako kwa zamu moja."

"Ungekufa."

"Na sasa?"

Karani alikasirika, akashangaa mwenyewe jinsi hasira ilivyompanda. "Sasa uko hapa unanigombeza! Hiyo ndiyo niliyoinunua. Unataka nirudishe?" Akaanza kulia. Fundi akamvuta, akamwegemeza kwenye kifua kile ambacho asubuhi kilikuwa kinazama, wakakaa hivyo mpaka mama mkwe alipoita kwamba chakula kinapoa.

Mambo ya ofisi huenda kwa mwendo wa kinyonga: likizo, posho, hata taa ya ukumbini iliyoungua tangu mvua za mwaka juzi. Lakini hili lilikwenda kwa mbio za ajabu. Kesho yake tu askari wa getini, aliyekuwa akimpokea kila siku kwa utani wa kishemeji, alimwomba kadi yake ya kazi bila kumtazama usoni. Ameondolewa kazini, alisema, na amri ilitoka makao makuu, si hapa. Karani aliomba kumwona Mkuu. Akaambiwa Mkuu yuko kikaoni. Alisubiri hapo getini, akaliona gari la Mkuu likitoka, vioo vimepandishwa.

*

Siku ya zamu walikwenda hivyohivyo. Mama mkwe alishikilia kwamba huenda taarifa bado haijafika, na mfa maji haachi kutapatapa. Karani alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza, kando ya mumewe, miongoni mwa watu aliozoea kuwaona kutoka upande wa pili. Dereva wa lori akawapisha nafasi. Yule mama wa kitambaa alimtolea mkono, akausahau mkono wake ndani ya wa Karani.

Mezani alikuwa ameketi binti aliyetolewa mapokezi. Mkuu alisimama mbele yake, funguo mkononi.

"Andika," alimwambia, na akamtajia nywila mpya, herufi moja moja, benchi zima linasikia. "Mimi sina muda wa kuongea na skrini." Akapita mbele ya Karani kuelekea ofisini kwake, akiangalia saa.

Yule binti alimwasha Kasuku. Hakujua hata anafanyaje kazi. Alibonyeza tu, akakunja mikono. Karani alinyoosha shingo. Kutoka pale hakuweza kusoma maneno, lakini aliijua mistari kwa umbo lake. Tangazo. Akabonyeza. Akangoja. Nywila. Unaendelea? Ndiyo. Mstari ulioshuka, kibali. Kasuku hakusita popote.

Sista alitoka na karatasi akaanza kuita. Aliita dereva wa lori, aliita mama wa kitambaa, aliita na kuita mpaka benchi likabaki na watu wawili. Ndipo akaja akachuchumaa mbele yao, mikono kwenye magoti ya Fundi.

"Imeandika bima imesitishwa," alisema. "Labda mlipe taslimu pale dirishani."

Taslimu ya zamu moja ilikuwa karibu bei ya cherehani. Dereva wa lori alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, mkono wa shati umekwisha kunjwa. "Sista, mpe ya kwangu leo. Mimi nitavumilia."

"Kibali kina jina la mtu, baba. Hakihamishiki. Ingia."

Dereva alisimama kidogo, akaingia. Mlango ukafungwa, mashine zikaanza kuunguruma upande wa pili. Yule binti mezani aliinamisha kichwa akajifanya anapanga kalamu.

Fundi alikuwa amesinzia muda wote huo, kichwa ukutani, uso umevimba. Kimya cha benchi ndicho kilichomwamsha. Akatazama benchi tupu, akatazama ile skrini nyeusi.

"Amegoma tena Kasuku?"

"Hapana, mume wangu," Karani alisema. "Leo amejibu yote sawasawa."